Safari ya Kwanza Unguja: Tazama Mwezi Kabla ya Kukata Tiketi

Mama yangu alikuwa hajawahi kuiona bahari. Tulitoka naye Singida, tukalala Dar es Salaam, tukavuka kwa boti, tukapanda gari ya shamba, yaani daladala ya vijijini, mpaka Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki. Saa saba mchana nikamshika mkono kumpeleka ufukweni. Mbele yetu palikuwa na mchanga, kisha vidimbwi, kisha mchanga tena, ngalawa zimelala ubavu, na kule mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayopasukia mwambani. Mama akanigeukia: "Sasa mwanangu, bahari yenyewe iko wapi?"

Bibi mmoja aliyekuwa anapita na gunia la mwani kichwani alimsikia. "Maji yametoka, dada yangu. Yatarudi magharibi, inshallah."

Yalirudi kweli magharibi, na giza likaingia nayo. Kesho yake yakachelewa zaidi. Tulikuwa na siku mbili tu pale, na mama aliondoka akiwa ameoga bahari mara moja, alfajiri, kwa nusu saa. Nyumba tuliyofikia ilikuwa nzuri, nauli haikutushinda, wenyeji walitupokea vizuri. Kosa lilikuwa langu: sikuutazama mwezi. Nimeshakwenda Unguja mara nyingi tangu hapo, na ndugu akiniambia anataka kwenda kwa mara ya kwanza, swali langu la kwanza ni kwamba mwezi wa angani utakuwa tarehe ngapi siku hizo.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Kisiwa kinatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na huja na joto kali. Kusi huvuma kuanzia kama Juni hadi Septemba. Hewa ni kavu na ya ubaridi kidogo, lakini bahari huchafuka. Katikati yake ipo masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa yenyewe, na vuli ya Novemba na Desemba ambayo mara nyingi hunyesha kwa saa chache kisha jua likarudi.

Kwa mtu wa mara ya kwanza ninapendekeza Januari, Februari, au kuanzia Septemba mpaka Oktoba. Ukienda wakati wa kusi, jua kwamba pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, inapokea upepo usoni. Wanaocheza mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji wanaupenda upepo huo na hujaa Paje. Mtu anayetaka maji tulivu aende Kendwa au Nungwi, huko kaskazini. Masika bei za vyumba hushuka, ila usitegemee kukauka nguo.

Angalia pia Ramadhani inaangukia lini. Si mwezi mbaya wa kwenda, na usiku wake una raha yake, lakini mchana mikahawa mingi ya wenyeji imefungwa na hutakiwi kula, kunywa wala kuvuta sigara hadharani, hata kama wewe si Mwislamu. Ukishajua hilo unajipanga: futari ya Unguja, na mikate yake ya kumimina na tambi za nazi, inatosha kufidia mchana mzima.

Hatua ya pili: soma maji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari za watu wengi wa bara zinapoharibikia.

Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kadhaa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Maji yakiwa yamejaa leo saa nane mchana, kesho tarajia kama saa tisa kasorobo.

Jambo la pili ni ukubwa wa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Pwani ya mashariki ni tambarare mpaka mwambani, kwa hiyo wakati wa bamvua bahari inaweza kuondoka zaidi ya kilomita moja kutoka mlangoni pako. Kendwa na sehemu ya Nungwi kina kipo karibu na ufukwe. Huko unaogelea karibu saa yoyote.

Sasa faida yenyewe. Unguja, siku za bamvua, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Ukihesabu dakika zile 50 kwa kila siku, utaona kuwa siku chache kabla ya mwezi mpevu au mwandamo maji yanajaa mchana, kati ya saa tano na saa tisa, wakati ambao mgeni anataka kuwa majini. Siku chache baada yake ni kinyume: mchana bahari haipo, na inarudi magharibi. Mimi nilimpeleka mama tarehe 18 ya mwezi wa Kiislamu. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi. Chukua kalenda yenye tarehe za Hijria, ile inayotundikwa ukutani madukani. Kama unataka kuoga bahari pwani ya mashariki, panga kuwa huko kati ya tarehe 9 na 13, au 24 na 28. Kama unataka kutembea mpaka karibu na mwamba, kuona mashamba ya mwani na kinamama wakivuna, nenda tarehe ya 15 au 16, au mwezi unapoandama, na uwe ufukweni saa tatu na nusu asubuhi. Tarehe zako zikigoma kabisa kubadilika, basi badilisha pwani: nenda Kendwa. Saa kamili za siku fulani utazipata kwenye programu za simu za kujaa na kupwa kwa maji, au kwa mvuvi yeyote, ambaye atakujibu bila kutazama popote.

Hatua ya tatu: gawa siku

Siku tano zinatosha, nne ni za kubana. Mgawanyo ninaoupenda: usiku mmoja mjini, usiku miwili au mitatu pwani, kisha usiku wa mwisho mjini tena. Huo wa mwisho watu huuona wa kupoteza. Boti inaweza kuahirishwa kwa upepo, na gari ya shamba inaweza kuharibika njiani; ukilala pwani na tiketi yako ni ya saa moja asubuhi, umejitafutia roho juu.

Usijaribu Nungwi na Jambiani katika safari moja fupi. Moja iko ncha ya kaskazini, nyingine kusini mashariki, na gari nyingi zinapitia mjini. Utakula siku nzima barabarani.

Hatua ya nne: karatasi na tiketi

Mtanzania hahitaji pasipoti, lakini kitambulisho ni lazima, cha NIDA kikiwepo ndiyo bora. Jina la kwenye tiketi lifanane nacho. Nauli ya mkazi na ya mgeni ni tofauti, na kitambulisho ndicho kinachokupa ile ya mkazi. Watoto wabebewe vyeti vya kuzaliwa. Anayekuja kutoka nje ya Tanzania abebe pasipoti, na akumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni wa nje. Ainunue mtandaoni kabla hajafunga begi.

Tiketi nunua kwenye ofisi au tovuti ya kampuni yenyewe. Ofisi za boti za Dar ziko barabara ya Sokoine, ng'ambo ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ukikaribia pale utafuatwa na vijana watakaokwambia boti imejaa na wao wana nafasi. Mjibu kwa heshima, "Asante kaka, nimeshakata," na uendelee na safari mpaka dirishani.

Saa kwenye tiketi zimeandikwa kwa mtindo wa kimataifa: 07:00 ni saa moja asubuhi. Nimeshuhudia familia ikifika saa saba mchana kwa boti iliyoondoka saa moja asubuhi. Isome mara mbili.

Ukija Dar kwa basi, utashushwa stendi ya Mbezi Luis, mbali na bandari, na foleni ya asubuhi haina huruma. Lala Kariakoo au Kisutu usiku wa kabla. Treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro imerahisisha mambo, maana stesheni yake iko katikati ya jiji na bandari iko karibu.

Hatua ya tano: mkoba

Funga mdogo. Vitu ambavyo watu husahau ni hivi: viatu vya mpira vinavyoshika mguu (yeboyebo zinafaa, kandambili huchomoka mguuni ukiwa majini), kofia pana, mafuta ya kuzuia jua hata kwa ngozi nyeusi, maana Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na maji yanarudisha jua usoni, khanga mbili au kikoi, mfuko mgumu usiopitisha maji wa kuhifadhia simu, na dawa zako za kila siku. Fedha taslimu pia: vijijini mashine za kutolea pesa ni adimu, na pesa kwenye simu ndiyo itakayokuokoa.

Nguo ni jambo la heshima. Mjini na vijijini funika mabega na magoti, mwanamke na mwanamume. Nguo ya kuogelea ni ya majini na ufukweni mbele ya hoteli. Ukitoka hapo kwenda dukani, jifunge khanga. Ni nadra mtu kukugombeza, na hilo ndilo linalopaswa kututia haya zaidi: watu wanainamisha macho tu na kupita.

Hatua ya sita: siku ya boti

Fika saa moja kabla. Kunywa chai nyepesi, kula kitu kikavu kama mkate au skonzi. Tumbo tupu linatapika upesi kama lililojaa supu. Anayejijua ana kichefuchefu cha safari amwone mfamasia siku ya kabla na anywe dawa kabla ya kupanda, kwa sababu ukianza kutapika umeshachelewa. Kaa ghorofa ya chini ya boti, katikati au kuelekea nyuma, ambako boti inarukaruka kidogo. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na simu iache mfukoni.

Mwendo ni kama saa mbili. Wakati wa kusi, kwenda Unguja huwa nafuu kwa kuwa upepo unatoka nyuma. Kurudi Dar ndiko boti inakabiliana na mawimbi. Mama alishika rozari yake mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, na mwanamke wa Kizanzibari aliyekaa pembeni akampa kipande cha tangawizi mbichi atafune. Kilimsaidia. Siku hizi sipandi boti bila tangawizi.

Hatua ya saba: kushuka Malindi

Malindi ndiyo bandari ya mjini Unguja. Hapo utapita ukaguzi, kitambulisho kiwe mkononi. Nje watakusubiri mahamali, madereva wa teksi, na wale wenyeji wanaowaita papasi, vijana wanaotafuta mgeni wa kumpeleka hotelini kwa kamisheni. Kama umekwisha kupanga pa kulala, waambie jina la mtaa na uendelee kutembea. Kama una mzigo mzito, patana na hamali bei kabla hajaugusa.

Mji Mkongwe, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, unatembelewa kwa miguu. Utapotea. Ni mji mdogo, na mapema tu utatokea baharini. Jambo moja nisingependa ulikose ni Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Wengi wa waliouzwa pale walitembezwa kutoka bara, kwenye nchi za babu zetu. Nenda asubuhi, watu wakiwa wachache, na usiende na haraka.

Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, utalitazama kwa nje. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Jioni nenda Forodhani, bustani ya kando ya bahari, ukale, lakini uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa jikoni, na utafute meza wanayokula wenyeji.

Urojo usiondoke bila kuula. Ni mchuzi wa njano, mzito kidogo, wenye uchachu wa embe mbichi na ukwaju, ndani yake vipande vya viazi, badia, kachori, mishikaki, yai ukitaka, juu chipsi nyembamba za muhogo, chatini ya nazi na pilipili. Muuzaji anapiga ukingo wa bakuli kwa kijiko akikuuliza, "Pilipili nitie?" Mara ya kwanza mwambie kidogo. Ule upesi kabla chipsi hazijalainika.

Hatua ya nane: gari ya shamba

Unguja, "shamba" ni kila kisicho mji. Gari za shamba ni daladala zenye namba: 116 ni ya Nungwi, 309 ya Jambiani, 326 ya Kizimkazi. Mahali zinapopakia pamekuwa pakihama kutokana na ujenzi, kwa hiyo uliza asubuhi ileile: "Samahani ami, gari za Jambiani zinapakia wapi?" Mpaka Jambiani au Nungwi hesabu saa moja na nusu hadi mbili, na uondoke kabla ya adhuhuri. Ijumaa mchana mambo husimama kwa ajili ya sala. Jioni gari hupungua mapema.

Anza kwa salamu, kila mahali. Ukiingia garini, "Asalaam aleikum" inaitikiwa na gari zima, na mzee mpe shikamoo yake. Mtu wa bara tunakwenda moja kwa moja kwenye shida yetu. Unguja utajibiwa, lakini utajibiwa kama mgeni. Ukisalimia, ukaulizwa habari za nyumbani nawe ukauliza, hata njia utaonyeshwa kwa kusindikizwa.

Njiani kwenda kusini mashariki unapita Jozani, msitu wa kima punju, kima mwekundu mgongoni ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Saa moja inatosha. Usiwalishe wala kuwasogelea kwa picha.

Hatua ya tisa: mguu majini

Siku ya kwanza ufukweni usiingie. Kaa saa moja uone maji yanaelekea wapi, wavuvi wanapita wapi, watoto wanachezea wapi. Kisha muulize mwenyeji.

Maji yakitoka na ukataka kutembea kuelekea mwambani, vaa viatu. Kuna mnyama mweusi wa duara mwenye miiba mirefu kama sindano, anakaa kwenye majani na mawe, na mwiba wake hukatikia ndani ya mguu. Ukichomwa usichimbe kwa pini. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na kama maumivu yanazidi nenda kituo cha afya.

Anza kurudi kabla maji hayajageuka. Bahari haiji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Inajaza kwanza mikondo na mabonde ya mchanga, ambayo huenda yako nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Saa ya kwanza inapanda taratibu na mtu hujidanganya ana muda. Saa ya tatu na ya nne ndipo inapokimbia. Kinamama wa mwani wakianza kufunga magunia, nawe geuka.

Na mashamba yao yapitie pembeni. Zile safu za vigingi na kamba zilizofungwa vichipukizi ni kazi ya mikono, shamba la mtu kama mahindi yalivyo shamba la mtu Singida. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake wengi wamesomeshea watoto kwa mwani huo. Ukitaka picha, salimia, omba, na ukikataliwa shukuru.

Ukienda Kizimkazi kuona pomboo, patana na nahodha mapema kwamba hatawafukuza. Boti sita zikizunguka kundi moja si kitu cha kupendeza kukitazama. Afadhali utumie asubuhi hiyo kwenye msikiti wa Dimbani, hapohapo Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yana tarehe ya mwaka 1107.

Hatua ya mwisho: kurudi

Rudi mjini siku moja kabla. Asubuhi nenda soko la Darajani ununue viungo kwa wauzao wenyeji: karafuu ukiibonyeza kwa ukucha itoe mafuta, mdalasini uvunjike kwa sauti, hiliki iwe ya kijani na nzito. Makombe na nyota za baharini ziache zilipo, hata ukiuziwa.

Kama ni wakati wa kusi, kata boti ya asubuhi, kwa kuwa upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Tangawizi weka mfuko wa nje. Mara ya pili nilipokwenda na mama, tarehe 11 ya mwezi, alikaa majini Jambiani kuanzia saa sita mpaka saa tisa, khanga imefungwa kifuani, na ilibidi nimwite mara tatu aje kula.